Mwacheni mwandishi na jioni yake

Mwaka 1996, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunapanga foleni kwenye vibanda vya simu, Mmarekani Tiffany Shlain alianzisha tuzo za kuwapongeza watengenezaji wa tovuti. Ndizo tuzo za Webby, na zipo hadi leo. Mshindi anayepanda jukwaani huruhusiwa kusema maneno matano tu. Mumewe, Ken Goldberg, ni profesa wa masuala ya roboti katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nyumba yenye watu wa aina hiyo huwezi kuituhumu kwamba inaogopa mitambo.

Nyumba hiyo hiyo, kila Ijumaa jioni, huzima simu, kompyuta, vishkwambi na televisheni. Haviwashwi tena mpaka Jumamosi jua linapozama. Walianza mwaka 2010. Shlain, ambaye ni mtengenezaji wa filamu na mwandishi, aliandika kitabu kuhusu desturi hiyo, 24/6, kilichotoka 2019, na kitabu kikampeleka redioni, kwenye televisheni na kwenye kumbi za mihadhara kueleza faida za kukaa mbali na skrini. Wapo watakaoona hapo pana kigeugeu: vipi mtu ahubiri utulivu mbele ya kamera? Mimi sioni kigeugeu. Namwona mwandishi aliyejua kwamba mtu anayeitwa kila mara kuzungumza hadharani lazima awe na saa ambazo hadhara haimfikii, saa zenye siku maalumu, zinazoheshimiwa na nyumba nzima. Waandishi wetu wa Kiswahili wanazihitaji saa hizo sasa kuliko wakati wowote, na sidhani kama kuna anayewatetea wazipate.

Chanzo cha desturi ya familia ile ni msiba. Baba yake Tiffany, Leonard Shlain, daktari wa upasuaji aliyeandika pia vitabu kuhusu sanaa, fizikia na historia ya maandishi, aliugua saratani ya ubongo akafariki Mei 2009. Siku hizo hizo Tiffany alijifungua binti yake wa pili. Ameeleza kwamba baba alipokuwa amezidiwa, zilikuwepo siku alizopata saa moja tu ya kuwa na nguvu na fahamu kamili, na yeye akienda kumwona alizima simu ili saa ile isimponyoke. Aliyewahi kuuguza mzazi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwaka uliofuata shirika la Wayahudi wa Marekani liitwalo Reboot lilitangaza siku ya kitaifa ya kuzima vifaa. Familia ya Shlain ikashiriki, ikaona raha yake, na Ijumaa iliyofuata ikarudia.

Msingi wake ni Sabato ya Kiyahudi, inayoanza Ijumaa machweo na kwisha Jumamosi usiku unapoingia. Shlain husema wazi kwamba wao ni Wayahudi wasio washika dini sana. Walichofanya ni kuchukua mfumo wa kale wa pumziko wakauwekea skrini katika orodha ya yanayoachwa.

Ukifuatilia anavyoiandaa jioni hiyo, utaona ni kazi yenye mpango. Kabla jua halijazama, ratiba ya Jumamosi na namba za simu zinazohitajika huwekwa kwenye karatasi. Simu ya mezani hubaki imeunganishwa, kwa dharura. Saa ya kawaida huwepo, ili asitokee mtu wa kusema anawasha simu aangalie muda tu. Muziki ni wa santuri. Mezani pana challah, mkate wa kusuka wa Kiyahudi, na wageni wanaokaribishwa wanajua mapema kwamba wanakuja kwenye nyumba isiyo na simu usiku huo. Halafu pana karatasi na kalamu nene ya wino. Wazo likimjia mtu, kwamba kuna jambo la kutafuta au mtu wa kumwandikia, analiandika pale na kuliacha.

Hiyo karatasi na kalamu ndiyo iliyonishika kuliko yote. Kwa kawaida wazo likija katikati ya chakula tunalifukuzia papo hapo: unafungua simu kutafuta mwaka wa vita fulani, unakuta ujumbe wa mhariri, unaujibu, unaona picha za harusi ya binamu, na wazo lenyewe limeshapotea. Likiandikwa karatasini linalala. Kesho yake nusu ya yale uliyoyaandika utayaona hayana maana, lakini moja au mawili yatakuwa yamekomaa bila wewe kuyagusa. Mshairi au mtunzi wa riwaya anaishi kwa hayo mawili. Akikosa usiku wa kuyalaza, atabaki na mambo ambayo kila mtu ameshayasema mchana.

Sasa tuangalie upande wa pili, upande wa studio na kamera.

Oktoba 2007, Doris Lessing, aliyekulia Rhodesia ya Kusini ambayo leo ni Zimbabwe, alishuka kwenye teksi nje ya nyumba yake London akitoka kununua mahitaji ya nyumbani. Akakuta waandishi wa habari wamejaa mlangoni. Wao ndio waliompa taarifa kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 88. Alikaa kwenye ngazi za mlango wake akajibu maswali. Mwaka uliofuata aliiambia redio ya BBC, bila kuremba, kwamba ushindi ule umekuwa balaa kwake: kazi yake imekuwa kuhojiwa na kupigwa picha, na kuandika kumesimama. Alifariki 2013. Huyu alikuwa ameandika vitabu kwa zaidi ya nusu karne, akiwa na nidhamu iliyomwezesha kulea mtoto na kuandika katika nyumba moja. Umaskini haukumshinda, wala lawama za wakosoaji. Mahojiano yalimshinda.

Karibu na kwetu tunaye Abdulrazak Gurnah. Tarehe 7 Oktoba 2021 alikuwa jikoni kwake Uingereza simu ilipoita kumpa habari kama ile ile, na mwanzoni hakuamini, alidhani anataniwa. Kabla siku haijaisha vyombo vya habari vya dunia nzima vilikuwa vinamtafuta. Na sisi tulifanya nini? Tulitumia wiki zile kubishana iwapo ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza, redioni, vijiweni na mitandaoni, wakati riwaya zake zilikuwa adimu katika maduka yetu ya vitabu. Paradise ilikuwa imetoka tangu 1994. Wengi waliolitaja jina lake kwenye vipindi vya asubuhi hawakuwa wamefungua hata ukurasa wake mmoja.

Kilichomleta Gurnah nyumbani kwa lugha ya nyumbani ni kazi ya polepole. Ida Hadjivayanis aliitafsiri Paradise kwa Kiswahili, na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaichapisha 2022 kwa jina la Peponi. Mtu hawezi kutafsiri riwaya ya namna ile huku anajibu meseji. Sentensi moja inaweza kumkalisha mtafsiri jioni nzima, anaipima kwa sikio, anaitoa, anairudisha. Nikiambiwa nichague kati ya mahojiano yote yaliyorushwa mwezi ule na kitabu hicho kimoja, sitasita kuchagua kitabu.

Lakini mwandishi wetu hawezi kuikimbia studio, na simshauri aikimbie. Nchi zetu zina maduka machache ya vitabu, na mengi yanaishi kwa vitabu vya kiada. Wachapishaji hawana fedha nyingi za matangazo. Kitabu cha mashairi cha Kiswahili kitajulikanaje Songea, Kigoma au Lamu kama redio haikukitaja? Tuzo nazo zimeongeza wito. Ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tanzania ina tuzo ya uandishi bunifu yenye jina la Mwalimu Nyerere. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa anaandika kimyakimya mkoani anajikuta ghafla amevaa suti, amepakwa poda asing'ae mbele ya taa, anaambiwa asogeze kiti na aangalie kamera ile.

Tuseme ukweli kuhusu vipindi hivyo. Mara nyingi mtangazaji anakabidhiwa kitabu dakika chache kabla ya kuingia hewani. Anasoma jalada la nyuma. Maswali huwa yale yale: ulianza lini kuandika, nani alikuvutia, una ujumbe gani kwa vijana. Mwandishi anajibu, tangazo la sabuni linaingia, anapewa mkono, anatoka. Hadi hapo hajapoteza zaidi ya asubuhi moja.

Kinachomla ni kinachofuata. Mahojiano yale yanakatwa kipande kifupi, mara nyingi kile alichokisema kwa ukali kidogo au alichoteleza ulimi, kinawekwa mtandaoni. Kufikia saa mbili usiku kimeshafika kwenye kundi la ukoo, la waliosoma pamoja na la kanisani au msikitini. Shangazi anauliza kwa nini alisema vile. Mtu asiyemjua anamtukana. Mwingine anamtetea vibaya zaidi ya aliyetukana. Mwandishi amelala na simu usoni, anaandika jibu, anafuta, anaandika tena. Nguvu ambayo ingeandika ukurasa wa kitabu imekwenda kumjibu mtu ambaye hatasoma kitabu hicho maishani mwake. Saa sita za usiku zinampata hajazungumza na mkewe, hajamsikia mtoto akisoma, hajaandika.

Wapo waandishi wakubwa waliopigana vita hii peke yao, kwa mbinu za kusikitisha kidogo. Mmarekani Jonathan Franzen alitia gundi kwenye tundu la waya wa intaneti la kompyuta anayoandikia, ili hata akitaka asiweze kuunganisha. Zadie Smith wa Uingereza, katika shukrani za riwaya yake NW ya mwaka 2012, alizishukuru programu mbili za kompyuta zinazomzuia mtu asifungue mtandao. Soma tena sentensi hiyo uone tulipofika: ukurasa ambao kwa kawaida hushukuru mama, mume na mhariri umetoa nafasi kwa kufuli la mtandao. Nawaheshimu wote wawili kwa uwazi wao. Hata hivyo vita ya mtu mmoja na kifaa chake humchosha. Nyumba ikiwa na watu watano na mmoja tu ndiye aliyejifungia, wale wanne wataendelea kucheka na skrini zao sebuleni, naye atatoka kuuliza wanacheka nini.

William Powers, mwandishi mwingine wa Marekani, alilijua hilo. Yeye na mkewe, ambaye pia ni mwandishi, na mtoto wao walikuwa wanazima modemu ya nyumba yao huko Cape Cod Ijumaa usiku na kuiwasha Jumatatu asubuhi, na katika kitabu chake cha 2010, Hamlet's BlackBerry, ameeleza kwamba mwanzoni nyumba ilikuwa kama imepigwa butwaa. Baadaye walizoea. Sababu ya kuzoea ni rahisi: uamuzi ulikuwa wa wote, na siku ilijulikana. Hapakuwa na haja ya kuamua upya kila wiki.

Kuna utafiti unaotajwa sana kuhusu jambo hili. Mwaka 2017 Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na wenzake waliwapa watu majaribio ya akili, baadhi simu zikiwa juu ya meza, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine zikiwa chumba kingine. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, ingawa simu zote zilikuwa kimya. Watafiti waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo ya aina moja, kwa hiyo siwezi kuligeuza kuwa sheria. Ila mtu yeyote anayeandika kwa riziki anajua tofauti ya kuandika simu ikiwa kiganjani na ikiwa kabatini chumba cha pili.

Hapa kwetu mtu asinambie kwamba jioni ya namna hii ni anasa ya Wazungu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilichokuwepo ni redio, na redio nayo ni teknolojia. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikilizwa na nyumba nzima kutoka kwenye redio moja. Wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi waliwachekesha babu na mjukuu kwa wakati mmoja, kwa kichekesho kile kile. Ikizimwa, mazungumzo yaliendelea, kwa sababu wote walikuwa wamesikia jambo moja. Simu janja imempa kila mtu redio yake, sinema yake na baraza lake, na watu wanne kwenye mkeka mmoja wanaweza kumaliza usiku bila kuchangia hata habari moja. Kwa hiyo ninapodai jioni, nalenga hasa ile skrini ya mtu mmoja mmoja.

Na mfumo wa siku maalumu tunao. Nenda Upare, ambako wamisionari wa Kisabato walifungua kituo chao cha kwanza nchini mwaka 1903, au Mara, au Kisii na Nyamira kule Kenya. Ijumaa ni siku ya maandalio: chakula kinapikwa mapema, nguo zinapigwa pasi, duka linafungwa, na jua likizama kazi imesimama mpaka jua la Jumamosi lizame. Hakuna anayeshangaa kwamba fundi wa Kisabato hapokei kazi Jumamosi. Wateja wamezoea. Mwislamu naye katika Ramadhani hupanga jioni yake yote kwa futari na tarawehe, na hakuna mwajiri wa Unguja au Mombasa anayeitisha kikao saa ya magharibi. Jamii zetu zinajua kuheshimu muda uliotengwa, mradi umetangazwa na una sababu. Mwandishi atangaze wake.

Liko pingamizi moja zito, na Shlain hakukutana nalo kwa namna tunayokutana nalo sisi. Yeye ana simu ya mezani. Huku nyumba nyingi hazijawahi kuwa nayo. Simu ya mkononi ndiyo pochi, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuvuka mpaka mwaka uliofuata. Ndiyo inayoleta habari kwamba mama amelazwa, kwamba dogo amekwama stendi na hana nauli, kwamba kuna msiba kijijini na mchango unahitajika usiku huu. Kumwambia mtu mwenye wazazi wazee azime simu usiku mzima ni kumtaka atelekeze wajibu wake. Sitamwambia hivyo.

Jibu tunalotumia nyumbani kwangu ni kitochi. Ile simu ndogo ya kubonyeza, ambayo wengine huku wanaiita kiswaswadu na Kenya wanaiita mulika mwizi, inapokea simu, inapokea pesa, chaji yake inakaa siku kadhaa, na haina cha kuchungulia. Jioni ya Alhamisi simu janja zote zinaingia kwenye kapu la ukindu juu ya kabati la vyombo. Kitochi kinabaki mezani, sauti imefunguliwa. Namba yake wanayo mama, wadogo zangu, jirani na mhariri, na wote wameambiwa: piga, usiandike. Mtu akiwa na shida ya kweli hupiga. Ajabu ni kwamba kinaita mara chache sana, na kikiita huwa na sababu. Watoto walilalamika, hasa mkubwa. Siku hizi ndiye anayekumbusha kapu, kwa sababu anataka bao, na amenifunga mara nyingi mno kuacha sasa. Mezani pia kuna daftari na peni ya bluu. Sehemu ya makala haya ilianzia mle, kati ya orodha ya vitu vya dukani na hesabu ya ada.

Tulichagua Alhamisi kwa sababu Ijumaa kurasa za wikiendi zinafungwa na kazini hakuna pumzi. Mwenzangu mtangazaji amechagua Jumatatu. Fundi cherehani au mwalimu atakuwa na siku yake. La msingi ni kwamba siku isiwe ya kubahatisha. Jioni inayongoja mpaka mtu apate nafasi haifiki, maana nafasi yote imeshanunuliwa kwa bando.

Kwa waandaaji wa vipindi nina ombi. Mnapomwalika mwandishi, pokeeni kitabu wiki moja kabla na mpeni mtangazaji akisome, hata sura tatu. Mpangieni mwandishi muda wa kutosha kusoma ukurasa wake mwenyewe hewani, wasikilizaji wasikie anavyoandika. Mnapokata kipande cha kusambaza, kateni chenye hoja. Msimpigie saa nne usiku kumwomba aingie mubashara kujibu waliokasirika.

Kwa wachapishaji: mnapomwandalia mwandishi ratiba ya kuzungukia vituo vya redio na televisheni, acheni jioni moja ya wiki wazi, iandikwe kabisa kwenye ratiba kama miadi nyingine, na isiguswe hata kituo kikubwa kikibisha hodi.

Na wewe msomaji, ukimwandikia mwandishi unayempenda usiku akakaa kimya, usimhesabie majivuno. Ngoja asubuhi. Kama umeguswa na alichokisema kwenye televisheni, nenda kanunue kitabu chake, kisha zima simu ukisome.